Binti wa Kivukoni

Katika bonde la Glen Orvaig, magharibi mwa nyanda za juu za Uskoti, alikuwa amebaki mtu mmoja tu aliyezaliwa humo. Jina lake Marsali, mjane wa Walter Laidlaw, na wageni waliofika kiangazi walimhesabu pamoja na mawe na kondoo. Walimwomba maji, wakamwuliza njia ya kwenda kivukoni, kisha wakakunjua viti vyao na kuanza kuchora.

Wachoraji hao waliletwa na shairi. Enzi za usichana wa Marsali, mshairi mmoja wa Edinburgh alitunga utenzi mrefu juu ya binti aliyesimama kivukoni kumngoja mchumba wake aliyekwenda vitani, akangoja na kungoja mpaka bonde zima likawa tupu, kulungu wakawa wanakuja kunywa maji miguuni pake. Mshairi mwenyewe, inasemekana, hakuwahi kukanyaga bondeni. Alilisikia jina tu, likamkaa mdomoni. Lakini utenzi ule ulisomwa nchi nzima. Watu waliulilia sebuleni mwao, na kila mwenye brashi akaona hana budi kupanda milimani auone ukungu ule kwa macho yake.

Wa kwanza kufika aliitwa Adam Moncur, na wakati huo bondeni kulikuwa na watu. Kulikuwa na nyumba za mawe zilizoezekwa kwa nyasi, zimebanana ubavuni mwa kilima kama kuku kwenye baridi. Kulikuwa na watoto, mbwa, ugomvi wa mipaka ya viazi, na moshi wa mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa na kukaushwa uwe kuni, uliong'ang'ania nguoni hata ukienda kanisani watu wa mabonde mengine walijua umetoka wapi. Moncur alipanga kwa baba yake Marsali, na kiangazi kizima Marsali alisimama kivukoni, miguu majini, shali mabegani, akikodolea macho njia ambayo hakuna mtu aliyekuwa akija.

"Usicheke," Moncur alimwambia kwa Kigaeli cha kuokoteza, lugha ya watu wa bondeni. "Mchumba wako amekufa."

"Sina mchumba mimi."

"Ndiyo maana nakwambia amekufa."

Una, mdogo wake Marsali, alikaa ukingoni akitafuna jani. "Dada, hivi unangoja mchumba au unangoja samaki akung'ate kidole?" Basi Marsali akaangua kicheko, Moncur akatupa brashi chini, na kazi ya asubuhi ile ikaishia hapo.

Vuli ilipoingia na Moncur akawa anafunga mizigo, alimwita Marsali aione picha. Turubai lilikuwa pana kuliko mlango wa kwao. Marsali alijiona mwenyewe, akaona haya, akahamisha macho. Nyuma yake, ubavuni mwa kilima, aliziona nyumba zao zote, kila moja na moshi wake. Mbele ya mlango wa baba yake, kando ya rundo la mboji, alisimama mwanamke mdogo kama punje ya shayiri, mkono kiunoni.

"Mama yangu huyo!"

"Ndiye," alisema Moncur. "Mawe yataanguka siku moja, Marsali. Lakini hapa hataondoka mtu."

Haikupita miaka mingi ardhi ikauzwa. Bwana mpya hakutaka kodi ya wakulima, alitaka kulungu, na mabwana wenzake waje kutoka London kuwawinda. Wenyeji wakaambiwa meli inawangoja, waende Kanada. Walikuja askari, yakashushwa mapaa ya nyumba, yakachomwa ili mtu asirudi.

Marsali hakwenda. Bwana mpya alikuwa amekuja na mlinzi wake wa mawindo, kijana wa kusini, Walter Laidlaw, mwenye nywele nyekundu na maneno machache, na Marsali alikuwa amekwisha kumpa moyo wake kabla hajajua kijana yule ameletwa kufanya nini. Walter hakubomoa nyumba hata moja. Siku ile alishika farasi wa askari. Hilo tu, alishika hatamu na kutazama chini.

"Chagua," mama yake alimwambia.

"Nimechagua, mama."

"Basi na iwe hivyo."

Siku ya safari watu wote walipita mbele ya nyumba ya mlinzi, maana njia ilikuwa hiyo hiyo moja. Mama yake alipita na kikapu mgongoni na hakugeuza shingo. Una ndiye aliyegeuka akainua mkono, baba yao akaushika akaushusha. Marsali alisimama mlangoni mpaka sauti ya mwisho ya mbwa ikapotea nyuma ya kilima. Maji yakimwagika hayazoleki.

Walter alikuwa mume mwema. Hakumpiga, hakulewa ila siku ya mwaka mpya, na hawakujaliwa mtoto. Waliishi miaka mingi wakisemezana habari za mbwa na hali ya hewa. Jina la mtu yeyote wa bondeni halikutajwa mezani pao, wala barua haikuja kutoka ng'ambo, wala Marsali hakujua angeipeleka wapi ya kwake. Walter alipofariki, bwana wa wakati huo alimwachia mjane ile nyumba, akaleta mlinzi mwingine akamjengea yake mbali zaidi, na Marsali akabaki na upepo tu wa kuzungumza nao.

Kilichomtunza kilikuwa kitu kimoja. Picha ya Moncur ilikuwa imepata sifa kubwa; ilinunuliwa ikawekwa katika jumba la picha kule Edinburgh, na nakala zake ndogo za wino mweusi zilitundikwa kila mahali, hata katika hoteli ya wavuvi kule pwani. Katika nakala hizo kilima kilikuwa cheusi tii, huoni kitu. Marsali alijiambia mchapaji amezidisha wino. Katika picha yenyewe, picha ya rangi, watu wake wangali mahali pao. Moshi unapanda, na mama amesimama kando ya mboji, hajaenda popote, wala hajapita mbele ya mlango wa mtu bila kugeuka. Jioni za kipupwe alipoketi peke yake alilifikiria jambo hilo, likampa joto ambalo moto wa mekoni haukumpa.

Basi mwaka mmoja, mvua za Septemba zikinyesha kana kwamba zinalipwa, mlango uligongwa.

"Hodi wenyewe! Jamani, mimi ni mvua!"

Marsali alifungua akamkuta msichana ameloa chapachapa, kofia imelala sikioni, stendi ya kuchorea begani kama bunduki.

"Wewe ni mvua?"

"Nime... nimenyeshewa. Nimelowa! Samahani, bibi. Kigaeli changu ni cha nyanya yangu, naye alifariki kabla hajanimalizia."

"Ingia, mvua wewe, kabla hujanimwagikia kizingitini."

Aliitwa Euphemia Strang, ila kila mtu alimwita Effie. Alikuwa mwanafunzi wa uchoraji huko Edinburgh, na hoteli ya pwani ilikuwa imejaa wawindaji. Marsali alimvua viatu, akamfunga blanketi, akampa supu ya viazi na mikate mikavu ya shayiri. Mvua haikukatika, naye Effie hakuondoka. Alikaa siku kadhaa akichora kile alichoweza kukiona dirishani, akizungumza bila kupumua. Marsali alikuwa amesahau kwamba nyumba ile ina mwangwi.

"Bibi, wewe hujachoka na wachoraji?"

"Wachoraji hawana neno. Wanakaa kimya. Wewe ndiye wa kwanza mwenye mdomo."

Effie alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akafungua begi lake la ngozi, akatoa kitabu cha utenzi ule, na ndani yake nakala ya picha, ile ile nyeusi. "Nilikuwa na miaka saba nilipoiona picha hii mara ya kwanza," alisema. "Nikamwambia baba, mimi nitakuwa mchoraji. Siku hiyo hiyo. Kwa ajili ya huyu binti. Nilimhurumia mno, yuko peke yake namna hii."

Marsali aliifuta mikono kwenye aproni. "Hakuwa peke yake. Mdogo wake alikuwa ukingoni pale akimcheka."

Effie aliinua uso. Alimtazama Marsali, akaitazama nakala, akamtazama tena, pua, paji la uso, namna ya kusimama.

"Bibi," alisema taratibu. "Ni wewe."

"Nilikuwa mimi."

Ndipo Marsali, ambaye kwa miaka yote ile hakumwambia mtu, akamweleza yote, juu ya Moncur, juu ya meli, juu ya shingo ya mama yake. Na akamweleza juu ya nyumba zilizo nyuma, na mwanamke wa punje ya shayiri. Hapo Effie akaishika tena ile nakala. Alikuwa ameitazama picha ile mara nyingi mno, tena alikuwa amewahi kukaa mbele yake akiinakili.

"Nyumba..." alisema. "Mimi sikumbuki nyumba, bibi."

"Basi hukutazama vizuri."

"Huenda."

"Ulimtazama binti tu, kama wote."

Effie hakuwa na moyo wa kubishana, na kusema kweli alianza kujitilia shaka. Alichosema ni hiki: "Twende ukaione. Utalala kwa shangazi yangu, ana chumba. Gari moshi linafika mpaka kule kituoni, unashuka kesho yake uko Edinburgh."

"Mimi? Na mbuzi wangu?"

"Mbuzi atakamuliwa na mlinzi."

"Yule? Atamkamua masikio," alisema Marsali. Lakini usiku haukuingia kabla hajatoa gauni lake jeusi la kanisani na kulipigia pasi.

Safarini Marsali aliketi dirishani mikono mapajani, akiona mabonde yanapita, mengine yana nyumba na mengine hayana. Edinburgh ilimtisha kwa kelele na kumshangaza kwa masizi. Mji mzima ulikuwa mweusi kama ndani ya dohani, na watu hawakuamkiana. Effie alimshika mkono mpaka ndani ya lile jumba lenye nguzo, wakapita vyumba vya kuta nyekundu, sakafu ikilia chini ya viatu vyao, mpaka Effie akasimama.

"Ndiyo hii."

Marsali aliitambua kwa ukubwa wake kwanza. Kisha rangi zikamjia kwa pamoja, maji yale ya kahawia yenye mwanga ndani, anga lililotaka kunyesha. Aliitazama sura ya binti kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyehama zamani. Msichana mzuri. Alijizuia asicheke, hilo alilikumbuka vema. Akamwacha yule binti, akayapeleka macho kilimani.

Kilima kilikuwa kitupu. Kilifunikwa na vichaka vyenye maua ya zambarau kutoka chini hadi juu, na ukungu ukitambaa. Mahali pa mlango wa baba yake walisimama kulungu, vichwa juu, wazuri kweli kweli.

Alisogea mbele. Alitafuta upande wa kulia, akatafuta wa kushoto, kama mtu aliyepoteza sindano. "Mama yuko wapi?" alisema kwa sauti, kwa Kigaeli, watu wakageuka. "Effie, yuko wapi mama?"

Effie alimkalisha kwenye benchi. Naye mwenyewe akaiendea picha, akasimama ubavuni mwake kabisa, shavu karibu liguse ukuta, akafinya jicho moja.

"Binti!" mlinzi wa chumba alifoka. "Hairuhusiwi kugusa!"

"Sigusi, natazama!"

"Basi tazama ukiwa mbele, kama wenzako!"

Effie hakusogea. Mwanga ulikuwa ukishuka kutoka madirisha ya darini, ukiparuza juu ya picha kama mkono juu ya kitambaa. Alikaa vile muda, kisha akaja akapiga magoti mbele ya Marsali. "Bibi, njoo. Simama pale nilipokuwa. Usitazame rangi, tazama ngozi yake."

Marsali alikwenda. Mwanzoni aliona mng'ao tu. Kisha, kadiri jicho lilivyozoea, akaanza kuona makovu. Chini ya zambarau ile kulikuwa na mistari iliyovimba, mgongo wa paa la nyumba, na paa jingine, na jingine, zimepanda kilima zimebanana. Na chini ya miguu ya kulungu mmoja kulikuwa na donge dogo la rangi ngumu, si kubwa kuliko punje.

"Alizichora," Effie alinong'ona. "Hukukosea. Alizichora zote, halafu alipofika huku akapaka juu yake. Utenzi unasema bonde lilikuwa tupu. Watu walitaka bonde la kwenye utenzi."

"Inabanduka, hiyo ya juu?"

"Wakiibandua wataharibu picha. Hawatakubali, bibi."

Marsali hakulia. Alirudi kwenye benchi akaketi wima kama aliye kanisani. Alikuwa akifikiri kwamba Moncur aliwaondoa watu wake kwa brashi, bwana akawaondoa kwa askari, Walter akashika farasi. Na yeye mwenyewe, miaka yote ile, alifua mashati ya Walter na kumpikia, na hakutaja jina la mtu. Kila mmoja alipaka tabaka lake.

Mwanamke mmoja aliyevaa manyoya alikuja na mumewe wakasimama mbele ya picha. "Ona upweke huo," mwanamke alisema kwa Kiingereza. "Hakuna hata kibanda. Pazuri namna gani!"

Kiingereza cha Marsali kilikuwa cha sokoni, lakini hicho kilimtosha. "Kulikuwa na nyumba," alisema.

"Samahani?"

"Hapo. Kulikuwa na nyumba. Watu wengi."

Mwanamke alimtabasamia vile watu wanavyomtabasamia mtoto mgonjwa, akamshika mumewe mkono, wakaenda kwenye picha nyingine. Effie alitaka kuwafuata, amekunja ngumi, Marsali akamvuta sketi. "Waache. Mimi mwenyewe nimelisema leo."

Effie alimsihi akae kwa shangazi mpaka Krismasi. Marsali alikataa, alisema mji una watu wengi mno kwa mtu mpweke, bora upweke wa mahali penye nafasi. Waliagana kituoni. Effie alilia akapenga kamasi kwenye glavu yake, akaahidi kurudi kiangazi kuchora nyumba kama atakavyoelekezwa. Marsali alimwambia aje na mwavuli, maana mvua haihitaji mvua mwenzake. Gari moshi likaondoka, naye akakaa tena dirishani, na safari hii mabonde matupu aliyatazama kwa namna nyingine, akitafuta makovu.

Mwezi wa Novemba, asubuhi kavu yenye baridi kali, alijaza mboji kikapuni, akatia na viazi, akakibeba mgongoni mpaka kilimani. Hakuwa amepanda huko tangu siku ya kuchomwa. Kuta zilikuwa zimebaki hadi magotini, upupu umejaa chumbani, na kondoo walikuwa wamefanya choo pale alipolala babu yake. Aling'oa upupu kwa mikono, ukamchoma, akaendelea. Katikati ya sakafu, chini ya majani, mawe ya meko yalikuwa bado yamekaa duara, meusi upande wa ndani. Akawasha moto.

Mboji ilisita, ikatoa moshi, na moshi ukapanda wima juu ya Glen Orvaig, wa buluu, mnyoofu, watu wangeuona hata wakiwa pwani.

Aliyeuona mapema zaidi alikuwa Tam Purves, mlinzi mpya wa mawindo. Alipanda mbio, uso umeiva, akaruka ukuta akatua chumbani.

"Bibi Laidlaw! Ni wewe? Haki ya Mungu nilidhani ni majangili! Kulungu wote wamekimbilia ng'ambo ya kilima, na mabwana wametambaa kwa matumbo tangu alfajiri wakiwanyemelea!"

"Wape pole."

"Unafanya nini huku?"

"Nachoma viazi."

"Lakini huna meko nyumbani kwako?"

"Kule ni kwa mume wangu," alisema Marsali. "Hapa ndipo kwetu."

Tam alitazama mawe, akatazama mawe mengine zaidi juu kilimani, kama mtu aliyekuwa akipita juu yake kila siku bila kuyaona. Alikuwa kijana wa kusini, na hakuna aliyewahi kumwambia kitu. "Kwenu?" alisema.

"Kwetu. Nawe umeingia kwa kuruka ukuta kama mbuzi. Mlango uko pale."

Tam alisimama kidogo, masikio mekundu. Kisha akapanda ukuta tena, akazunguka nje, akavua kofia na kuingia pale palipokuwa mlango. Alipewa kiazi. Alikila akipuliza vidole, amechuchumaa, hakuuliza zaidi, na Marsali hakumsimulia. Alipomaliza alisema hatamwambia bwana chochote, ila bibi asirudie. Marsali akamjibu kwamba Jumamosi ijayo atarudia. Tam akakuna kichwa, akashuka kilima.

Marsali alibaki mpaka moto ukawa majivu. Hakusikia sauti ya mtu wala hakuitarajia. Alimweleza mama yake machache, si yote, kuhusu Walter na kuhusu mtoto ambaye hakuja, akanyamaza pale ambapo mama yake angemkatiza.

Jumamosi alibeba mboji tena. Safari hii alikwenda nyumba ya pili, ya Ruairi mshona viatu, ambaye mkewe alikuwa mkali na hakupenda watu wa kuingia hovyo. Basi Marsali alisimama mbele ya mlango usiokuwepo, akashusha kikapu, akapiga hodi.